Mgongo wa Mgawa Maji

Asubuhi za kiangazi, Roquebrousse huamka kwa sauti ya maji kabla ya sauti ya jogoo. Maji hushuka kutoka mlimani kwa mfereji wa mawe uliochimbwa na watu ambao majina yao hata makaburini hayasomeki tena, yakaingia bustani moja baada ya nyingine kwa zamu. Zama hizo mtu wa kuyaamuru alikuwa Ferréol Astoin. Alitembea kando ya mfereji, jembe lenye mpini mrefu begani, na akifika kwenye kila kilango alinyanyua ubao huu, akashusha ule, maji yakageuka kwa utiifu na kuingia kwenye nyanya za huyu, kesho kwenye maharage ya yule. Kuanzia Juni hadi Septemba hapakuwa na mtu wa maana kuliko yeye. Hata meya, ambaye hakuwa na desturi ya kumwamkia mtu, alimwamkia Ferréol zamu ya bustani yake ilipokaribia.

Lakini Ferréol alikuwa na uso.

Ulikuwa uso mrefu, taya limeshuka kama vile lilisahaulika kusimamishwa, na meno ya juu makubwa, marefu, ambayo midomo haikuweza kuyafunika hata akiwa usingizini. Mama yake alipomwona siku aliyozaliwa alisema mtoto atabadilika. Hakubadilika. Shuleni walimwita Farasi, kanisani walimwita Farasi kwa kunong'ona, na alipokuwa mtu mzima jina lake la ubatizo lilitumiwa na padri tu. Watu husema cheka uchafu, usicheke kilema. Wakishasema hivyo hukicheka kilema, maana uchafu hauna raha sana. Sisi wa Roquebrousse si watu wabaya. Ukifiwa tutakuletea supu, ukiugua tutakuvunia zeituni, ila utani ukitujia mdomoni hatuwezi kuumeza hata tukiwa mazikoni. Na nyani haoni kundule: Barthélemy mwenye mkahawa, aliyekuwa kinara wa utani wote ule, alikuwa na tumbo lililotangulia mlangoni naye akalifuata baadaye.

Mahali pekee ambapo uso ule ulimpumzisha Ferréol palikuwa vitani, na hili si jambo la kusemwa hovyo mbele ya wajane. Kule kaskazini, mahandakini, kengele ya gesi ilipolia kila mtu alivaa barakoa yake, yenye macho mawili ya kioo na pua inayoning'inia, na kikosi kizima kikawa na sura moja. Ferréol alikaa kwenye tope akiwatazama wenzake, nao wakamtazama, na hakuna aliyecheka. Aliogopa kufa kama wengine, lakini chini ya ile hofu alijisikia ametulia, kama mtu aliyeingia nyumbani na kuvua viatu. Baadaye kila alipoikumbuka amani ile aliona haya.

Kabla ya vita hivyo kulikuwa na ngoma ya Mtakatifu Yohane. Moto uliwashwa uwanjani jua likiwa bado juu ya mlima, zumari na kigoma vikaanza, na Ferréol, kijana wa umri wa kuoa, akamwomba Eulalie acheze naye. Eulalie alikuwa binti wa fundi wa matandiko ya farasi. Alikubali. Walizunguka mara chache, mkono wa Eulalie mkononi mwake, na Ferréol akahisi ardhi imekuwa nyepesi. Ndipo sauti ikatoka upande wa mapipa ya divai.

"Eulalie, mpime kichwa vizuri, baba yako amshonee hatamu!"

Uwanja mzima ulilipuka. Wengine wakalia kama farasi, wengine wakapiga ulimi kama wanaendesha gari. Ferréol akauachia mkono wa Eulalie. Akapiga mguu chini mara mbili, akatikisa kichwa, akatoa mlio wa farasi mkubwa kuliko milio yao yote, kisha akawainamia watu kama mchezaji wa sarakasi. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Eulalie alibaki amesimama pale alipoachwa, mkono wake bado umenyooka, na hakucheka hata kidogo. Ferréol hakuona, maana alikuwa anawainamia watazamaji.

Tangu siku hiyo akaujua ujanja wa maisha yake. Ukitangulia kucheka, watu hawakucheki, wanacheka pamoja nawe. Tofauti yake ni nyembamba, lakini mtu anaweza kuishi humo ndani akijikunja.

Eulalie aliolewa na Casimir Garcin, mwashi, na Casimir akaenda vitani akabaki huko. Serikali ikampa mjane leseni ya duka la tumbaku, kama ilivyowapa wajane wengi wa vita. Ni duka dogo tu, kaunta, rafu za tumbaku, stempu na viberiti, na dirisha linaloangalia chemchemi ya uwanjani. Ferréol aliporudi akawa mteja wa kwanza wa kila asubuhi.

"Tumbaku ya kijivu, Bibi Eulalie."

"Na karatasi?"

"Na karatasi."

Maneno yote haya aliyasema akiviangalia viberiti. Alikuwa amegundua kwamba akikaa kidogo, akiwa na furaha kidogo, meno yalijitokeza yenyewe. Kwa hiyo aliweka pesa, akachukua pakiti, akageuka kabla mjane hajainua macho, akavuka uwanja kuelekea mferejini. Alikuwa na neno moja la kumuuliza Eulalie. Alilibeba tangu aliporudi kutoka vitani, na kwa kweli tangu kabla ya hapo. Alichohitaji ni kitu kimoja tu: atazamwe bila kuchekwa, muda wa kutosha mtu kusema sentensi moja hadi mwisho. Muda huo hakuupata, na mvi zikaanza kumtoka.

Watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa wameanza kunyoa ndevu watu wa sinema walipokuja. Walikuja kwa malori mawili na gari dogo jeusi, wakajaza vyumba vya juu vya mkahawa wa Barthélemy, wakasema watapiga filamu ya kuchekesha. Ilihusu karani mmoja wa mashambani mwenye sura ya ajabu anayechekwa na mji mzima, hadi siku anapochoka na kuondoka. Karani huyo angeigizwa na Gaspard Valmorin, ambaye sura yake tuliijua kwenye mabango tangu Marseille hadi Nice: uso mrefu, taya limeshuka, meno mbele.

Msaidizi wa mwongozaji alipita na gari karibu na kilango cha tatu cha mfereji, akamwona Ferréol ameinamia ubao, akasimamisha gari. Alimtazama kwa muda mrefu. Ferréol, kwa mazoea, akatangulia kucheka. Msaidizi hakucheka.

"Geukia kushoto," akasema. "Sasa kulia. Kesho asubuhi njoo uwanjani."

Kazi yenyewe ilikuwa kusimama. Kabla ya kila picha taa na mbao nyeupe za kurudisha mwanga huwekwa na kuhamishwa kwa saa nzima, na Valmorin hakutaka kuuchosha uso wake. Basi ilihitajika sura inayofanana na yake isimame pale, taa zipimwe juu yake, halafu mwenyewe aje akiwa ametoka kivulini.

Jioni hiyo mkahawani hapakukalika.

"Kwa hiyo wameizunguka Ufaransa nzima," Barthélemy alisema akipangusa kaunta, "wakaona uso wa kuchukua ni huu."

"Mwache bwana," akasema Siméon, mfuga mbuzi. "Mungu hamtupi mja wake. Alimpa meno, leo kampa na pa kuyaanika."

"Watakulipa pesa au shayiri, Farasi?"

"Shayiri," Ferréol akajibu. "Pesa zinaniumiza meno."

Walicheka naye akacheka, akanywa glasi yake ya kileo cha anisi, akaenda kulala.

Lakini kule uwanjani, chini ya taa, hapakuwa na kicheko. Wale watu wa taa walimzunguka wakisemezana kama wapima shamba. "Shavu la kushoto lina kivuli. Inua kidogo. Taya liko sawa, liache." Taya liko sawa: hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Ferréol alifumba macho. Mwanga ulimpitia kwenye kope ukawa wa rangi ya chungwa lililoiva sana, uwanja ukayeyuka, na kwa mbali akasikia maji yake yakienda yenyewe. Alihisi uso wake haumlemei tena, ni kitu kama ukuta au kilima, kitu kilichopo tu. Ndani ya mwanga ule aliota akiwa amesimama. Aliota mlango wa duka unafunguka upande wa pili wa jua, Eulalie anatoka, anakuja bila haraka, na hakuna mtu mwingine kijijini. Hapo daima sauti ya msaidizi ilimwamsha: "Asante, ondoka. Bwana Valmorin, tafadhali."

Valmorin alikuwa mtu wa hasira za karibu, mpenda tikiti. Alikaa chini ya turubai akila vipande na kutema mbegu.

"Wewe ndiye mimi?" alimuuliza Ferréol siku ya kwanza.

"Ndiyo, bwana. Ukiwa umekaa."

Valmorin akaangalia meno yake, akaonekana kama mtu anayeona koti lake limevaliwa na mwingine. "Hapa wanakuitaje?"

"Farasi."

"Mimi shuleni waliniita Ngamia. Nilipokua nikaona afadhali niwatoze kiingilio." Akatema mbegu. "Wewe huwatozi?"

"Kijijini tunajuana, bwana. Nitamtozaje jirani?"

"Basi watakula bure hadi ufe," Valmorin akasema, akaomba kipande kingine.

Neno lile lilimkaa Ferréol. Alienda nalo mferejini, akarudi nalo, akalala nalo.

Picha ya mwisho ilikuwa ipigwe uwanjani. Karani anaondoka, na mji wote umejipanga kando ya kuta za zamani kumwangalia. Mwongozaji, Bwana Dourlans, alizipenda sana kuta zile. Zilikuwa za manjano, zimebanduka, zina nyufa ambamo mijusi ilizaliana tangu enzi za wafalme, na alikuwa akizipapasa kwa mkono kila alipopita. Ijumaa akamwambia meya kwamba Jumatatu kijiji chote kitaingia kwenye filamu.

Hapo ndipo tulipokosea, na nafikiri hakuna kijiji kingine duniani ambacho kingekosea hivyo kwa moyo mweupe namna ile. Filamu ingeonekana Marseille. Kila mtu ana binamu Marseille. Nani anataka binamu yake amwone amesimama mbele ya ukuta uliobanduka? Watu wa sinema walikuwa wameteremka pwani kupumzika. Jumamosi zikatoka ngazi na ndoo. Jumapili, mara tu baada ya misa, chokaa ikamaliziwa, kuta zote nne za uwanja, nyeupe pe, na chemchemi ikapakwa buluu. Jumatatu asubuhi Dourlans alipofika tulikuwa tumepangana na suti nyeusi, za harusi na za mazishi, nywele zina mafuta, mbuzi wa Siméon amefungwa utepe shingoni.

Jua liligonga zile kuta hata watu wa kamera wakaziba macho. Dourlans alisimama, kisha akakaa juu ya jiwe.

"Nani amefanya hivi?"

Meya akavua kofia. "Sote, bwana. Tumejitolea. Usitushukuru."

Alichojibu Dourlans sitakirudia. Kilitosha kijiji kizima kurudi nyumbani, kuvua suti na kufunga madirisha kwa hasira. Mchana huo huo mistrali ikashuka, upepo ule baridi wa kaskazini unaong'oa vigae, kwa hiyo hata waliotaka kuchungulia hawakuweza.

Dourlans alikuwa na siku hiyo moja tu, kesho yake malori yanaondoka. Akaihamishia picha ya mwisho barabarani, juu ya mfereji, bila mji, bila watu, karani peke yake akienda zake. Valmorin alishuka garini, kofia yake ikaruka hadi kwenye mizeituni, akarudi garini na kufunga mlango.

"Koo langu lina bima," alisema kupitia kioo. "Upepo huu hauna."

Dourlans akalitazama jua, akawatazama watu wake, mwishowe akamtazama Ferréol.

"Vaa koti lake."

"Nifanye nini, bwana?"

"Uondoke. Usigeuke nyuma. Kwani wewe huwa unaondokaje mahali?"

Ferréol akafikiri. Hakuwa mtu wa safari. Kuondoka alikokujua kulikuwa kumoja tu, kule kwa kila asubuhi, mlango wa duka ukiwa nyuma yake, na ndani yuko yule ambaye yeye Ferréol hakuthubutu kumtazama usoni. Basi akaondoka vile. Alitembea huku bega la kulia limeshuka, kwa sababu ya jembe la miaka yote, upepo ukilishika koti na kuliachia. Akaipita mivinje iliyokuwa imeinama yote upande mmoja. Nyuma yake hakukuwa na duka, lakini alilisikia mgongoni, na kwa mara ya kwanza uchungu wa kutogeuka ulimjaa kifuani waziwazi, bila mzaha wowote wa kuufunika. Aliambiwa asigeuke, hakugeuka. Kama walimwita asimame, upepo ulichukua sauti. Alienda hadi kwenye kona. Aliporudi, mmoja wa watu wa taa alikuwa amevua kofia. Ferréol alidhani ni kwa sababu ya upepo.

Hakumwambia mtu. Alijaribu mara moja, dukani.

"Bibi Eulalie, siku ile ya upepo, kule juu..."

"Ndiyo?" Eulalie akaacha kupanga viberiti.

Mlango ukafunguka, Barthélemy akaingia akilia kama farasi kwa salamu. Ferréol akachukua tumbaku yake akatoka.

Filamu ilifika Marseille majira ya baridi. Tulikuwa tumesamehe, kwa sababu tulitaka kujiona. Jumapili baada ya misa tukapanda basi la kukodi na suti zile zile, na kwenye mlango wa jumba la sinema meya akamwambia mkata tiketi, "Sisi ndio Roquebrousse," akangoja. Mwanamke yule akasema, "Mlango wa kulia," akaendelea kukata.

Ndani, viti vilikuwa vya mahameli nyekundu, na dari limechorwa mawingu. Ferréol alikaa kati ya Barthélemy na nguzo. Eulalie alikuwa safu mbili mbele yake, na alikiona kisogo chake na kitana cheusi. Taa zikazimwa. Kwanza tulijitafuta. Tulimwona mbuzi wa Siméon, bila utepe, na kiwiko kimoja ambacho familia mbili zilikigombea kwa kunong'ona hadi wakaambiwa wanyamaze. Basi, hayo ndiyo yaliyobaki ya Roquebrousse.

Halafu uso ukaja. Ulijaza pazia zima, meno makubwa kama milango, na jumba likacheka.

"Tazama, Farasi," Barthélemy akamgusa kwa kiwiko. "Hata kutafuna ni kwako."

Ferréol alijiandaa kutangulia. Hapakuwa na pa kutangulia. Vinywa elfu vilikuwa vimeshafunguka gizani, kicheko kilipita juu yake kama maji yaliyovunja ubao. Karani alirushiwa mkate, watu wakacheka. Karani aliposa, mchumba akaangua kicheko, na jumba likaangua pamoja naye. Ferréol alikuwa ametumaini kwamba kumwona mwingine akiubeba uso ule kungempunguzia mzigo. Hakukumpunguzia. Kwenye giza lile aliuziba mdomo wake kwa kiganja, mtu mzima mwenye mvi.

Mwishowe karani akachukua kofia, akafungua mlango. Na pale palipokuwa na meno, pakawa na mgongo.

Hakuujua. Nani anaujua mgongo wake mwenyewe? Aliona mtu fulani anaondoka barabarani penye upepo, bega moja limeshuka, akafikiri, maskini, ameelemewa. Kisha akaiona mivinje, akalitambua lile bega. Kicheko kilikuwa kikififia, safu baada ya safu. Mtu mmoja kule juu alicheka peke yake, akazomewa akanyamaza. Ulisikika upepo tu. Mgongo ukaenda, ukawa mdogo, haukugeuka. Mahali fulani mwanamke alikuwa analia. Barthélemy alipenga kamasi. Watu elfu walikuwa wakimtazama Ferréol Astoin na hakuna aliyecheka. Alikaa kama mtu aliyejua kuwa anaota na hataki kuamka. Halafu taa zikawashwa.

Nje, juani, Barthélemy alikuwa na macho mekundu na ubishi mwingi.

"Huyu Valmorin ni bwana mkubwa. Kuchekesha kwa uso mtu yeyote aliyeumbwa vibaya anaweza. Lakini mgongo! Umeona mgongo ule?"

"Mgongo ule ulikuwa unasema," akakubali meya.

"Hiyo wanafundishwa Paris," Siméon akasema. "Miaka na miaka."

Barthélemy akamgeukia Ferréol, akampiga begani, lile lile. "Unaona sasa? Sura mmegawana, ila mwenzako ana mgongo. Wewe ungeweza kutembea vile?"

Wote walimtazama. Neno lilikuwa mdomoni. Ferréol aliyaona yote yatakayofuata. Kwanza hawataamini, kisha watamtaka atembee, hapa hapa kandoni mwa barabara, halafu kila asubuhi mferejini: Farasi, hebu tutembelee kidogo. Watauchukua na mgongo nao, na mtu ana migongo mingapi? Lakini akinyamaza, Eulalie naye hatajua kamwe ni nani aliyelinyamazisha jumba lile. Jambo hilo lilimuuma kuliko vyote, na akalimeza.

"Mimi?" akasema. "Mimi nafuata maji tu."

Walicheka, wakaridhika, wakateremka kuelekea bandarini kununua vitumbua vya unga wa dengu. Ferréol akabaki chini ya bango.

Eulalie alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya mlango, leso mkononi, kope zimevimba. Alikuwa amesikia yote.

"Umewadanganya, Ferréol."

Alimwita kwa jina, bila neno bwana. Ferréol akaangalia viatu vyake vya Jumapili. "Kwa lipi, Bibi Eulalie?"

"Yule ni wewe."

Tramu ikapita, wakangoja ipite.

"Nani amekwambia?"

"Aniambie nani? Nilianza kulia alipotoka mlangoni, hatua ya kwanza tu. Rosine aliyekaa kando yangu akaniuliza kama naumwa, maana jumba zima lilikuwa bado linacheka. Nimelijua bega."

"Bega ni la jembe."

"Najua ni la jembe. Unafikiri sijui?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na alikuwa amekasirika kwelikweli, hasira iliyolala muda mrefu. "Kila asubuhi unaweka pesa, unachukua tumbaku, nikiinua macho umeshageuka. Nilijiuliza, huyu mtu nimemkosea nini? Halafu nikaacha kujiuliza, nikawa nautazama mgongo huo hadi chemchemi inapouficha. Marehemu Casimir sikupata nafasi ya kumtazama hivyo. Wale mle ndani wameulilia leo, Ferréol. Leo tu."

Ferréol hakujua mikono yake aiweke wapi. "Nilikuwa nakupunguzia," akasema. "Uso kama huu, asubuhi, ndani ya duka dogo."

"Nani alikuomba unipunguzie?"

Hapo akainua macho. Eulalie alikuwa akimtazama, na hakuharakisha. Alilitazama taya, akayatazama meno, ambayo yalikuwa yametoka yote, akamtazama machoni, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa njiani na hataki kuruka mstari. Watu wa Marseille walipita pande zote mbili na hawakuwajali. Kutoka chini Barthélemy alipiga mluzi kuwaita, chakula kinapoa.

"Kesho usije kununua tumbaku," Eulalie akasema.

"Nisije?"

"Usije kununua. Njoo ukae."

Katika duka lile hakukuwa na kiti cha mteja, hakijawahi kuwepo, na Ferréol, ambaye alikuwa amelibeba neno lake tangu ujana, alijikuta anauliza jambo dogo kuliko yote.

"Nikae wapi?"

"Mbele yangu," Eulalie akasema. "Pale nitakapokuona."